Mgeni Apone, Mwenyeji Augue?

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Hao walikuwa wakisema juu ya nyumba. Lau wangefufuka leo wakaingia katika ofisi zetu, naamini wangeugeuza msemo huo. Ofisi nyingi siku hizi hujengwa ili mgeni apone na mwenyeji augue. Ukifika mlangoni unalakiwa na vigae vinavyong'aa hata uyaone meno yako, makochi ya kubonyea, ua la plastiki ndani ya chungu na picha ya maporomoko ya maji ukutani. Subiri kidogo, kisha chungulia nyuma ya ule ukuta wa mbao. Huko ndiko aliko karani. Ameketi juu ya kiti ambacho egemeo lake lilivunjika zamani na kufungwa kwa mpira wa baiskeli. Taa inawaka mchana kutwa kwa sababu hakuna dirisha, na faili zimerundikwa karibu zifike darini. Mgeni atakaa kwenye kochi dakika kumi na tano. Karani atakaa pale miaka kumi na mitano. Sasa niambieni, ni nani hasa aliyestahili kiti kizuri?

Nasema haya kwa sababu. Shule yetu inakaribia kujenga jengo jipya la utawala, na mchoro wake umebandikwa kwenye ubao wa matangazo tangu muhula wa pili. Wengi wenu mlipita pale, mkatazama lango jipya litakuwa wapi, mkaenda zenu kununua mandazi. Mimi nilisimama pale saa za chakula cha mchana siku tatu mfululizo, hata rafiki yangu mmoja akaniambia, "Wewe nawe, wacha zako! Kwani utalala humo?" Sitalala humo, ni kweli. Mimi ni mwanafunzi wa kutwa. Kengele ya jioni ikilia, naenda zangu. Lakini baba yangu ni mwashi, na nyumbani kwetu mchoro wa jengo husomwa jinsi wengine wasomavyo gazeti. Niliyoyaona katika mchoro ule yalinikosesha raha, na kwa kuwa mlezi wa chama chetu ametupa ukurasa, hebu niyaseme.

Chumba cha mikutano cha Bodi ndicho kilichopewa mahali pazuri kuliko pote. Kina madirisha matatu makubwa yanayoelekea upande wa mijakaranda. Ukumbi wa kupokelea wageni ni mpana, unaweza kuchezea kandanda. Majilisi ya walimu, jamani, imesukumwa pembeni upande wa magharibi, na madirisha yake yote yako ukuta mmoja tu, yakitazamana na vyoo. Ofisi ya karani na ile ya mhasibu ziko katikati kabisa, hazina dirisha hata moja. Mahali pa dirisha pameandikwa kwa herufi ndogo: "taa". Bodi hukutana mara tatu kwa mwaka, au nne mambo yakichacha. Walimu, karani na mhasibu wamo humo kila siku ya Mungu.

Labda msomaji atasema, hayo ni mambo ya kupenda raha tu. La hasha! Kuna sheria. Inaitwa Sheria ya Usalama na Afya Kazini, ya mwaka 2007. Ilichukua mahali pa ile sheria ya zamani ya viwanda, na ndiyo maana watu wengi bado hudhani kwamba usalama kazini ni wa wale wanaoshughulika na mashine zinazokata vidole. Sivyo. Ofisi nayo ni mahali pa kazi. Sheria hiyo inazungumzia usafi, mwangaza, hewa, maji ya kunywa na msongamano, na inataka kila mtu aliye katika chumba cha kazi awe na nafasi isiyopungua mita 10 za ujazo.

Basi Ijumaa moja baada ya michezo niliazima tepu ya kupimia kwa mwalimu wa Jiografia, nikaomba ruhusa kwa mwalimu wa zamu, nikaipima majilisi tuliyo nayo sasa. Urefu mita 8, upana mita 6, kimo mita 3. Zidisha, utapata mita 144 za ujazo. Gawa kwa 10. Watu 14 na chenji kidogo. Walimu wetu ni 23. Yaani wako tisa ambao kwa hesabu ya sheria hewa yao haimo! Na hapo sijatoa makabati, meza na ile milima ya madaftari yetu. Huenda hiyo ndiyo sababu baadhi yao hupenda kusahihisha chini ya mwembe, nasi hudhani wanatuchunga. Tena majilisi iliyo katika mchoro ni kubwa kuliko hii kwa mita mbili tu za urefu. Ifanyie hesabu mwenyewe: walimu 18. Tunajenga jengo jipya ili walimu watano wakose nafasi badala ya tisa.

Hewa si jambo la mchezo. Katika Biolojia tumefundishwa kwamba kila tupumuapo tunatoa kaboni dayoksaidi. Watu wengi wakijifungia katika chumba kisichopitisha upepo, hewa hiyo hujikusanya, na watu huanza kupiga miayo, kichwa kikauma, na fikira zikawa nzito. Mwenye mafua mmoja huwagawia wenzake wote. Shule zilipofunguliwa kwa wanafunzi wote Januari 2021, baada ya kufungwa Machi 2020 kwa ajili ya korona, tuliambiwa kila asubuhi tufungue madirisha. Nilikuwa shule ya msingi wakati huo na ninakumbuka jinsi tulivyotetemeka kwa baridi. Korona ilipotulia tuliyafunga madirisha, na somo lenyewe tukalifungia nje.

Nilimwuliza baba, je, dirisha zuri ni lipi? Akanijibu kwamba dirisha moja ni nusu ya dirisha. Alikuwa na maana kwamba upepo hauingii mahali ambapo hauna pa kutokea. Chumba kikiwa na madirisha kwenye kuta mbili zinazotazamana, hewa hupita. Kikiwa na madirisha upande mmoja tu, hewa husimama mlangoni kama mgeni asiyekaribishwa. Akaniambia pia habari za jua. Sisi tuko karibu na ikweta. Jua huchomoza mashariki, huwa utosini adhuhuri na hushuka magharibi. Kwa hiyo jengo linyooke toka mashariki hadi magharibi, madirisha yake makubwa yatazame kaskazini na kusini, na paa litokeze nje kidogo ili litie kivuli. Madirisha ya magharibi hupokea jua la saa tisa na saa kumi alasiri, lile kali linaloingia kwa ubavu. Na saa tisa ndiyo saa ambayo walimu hurudi majilisini kusahihisha! Watafanyaje? Watavuta mapazia. Wakivuta mapazia, chumba kitakuwa giza, watawasha taa, na upepo nao utakuwa umezibwa. Vioo vyote vile kumbe ni vya kupendeza nje tu.

Wako wanaosema hewa nzuri ofisini ni kazi ya viyoyozi, na viyoyozi ni pesa. Wangekwenda Lamu wakatazame. Mji wa Kale wa Lamu, ambao UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, una nyumba za mawe zilizojengwa karne nyingi kabla ya umeme. Kuta zake za matumbawe na chokaa ni nene, hivyo joto la mchana halifiki ndani upesi. Katikati ya nyumba kuna ua ulio wazi juu, wenyewe huuita kiwanda (si kile cha mashine), na hapo mwangaza na hewa hushuka hadi vyumbani. Lakini lililonifurahisha zaidi ni daka. Hilo ni baraza la mlangoni lenye viti vya mawe, ambapo mwenye nyumba huketi na mgeni wakazungumza. Mgeni alipewa heshima yake pale pale mlangoni, na ua wenye hewa ukabaki wa wenyeji. Waswahili hao hawakuona haya kujitengea mahali pazuri katika nyumba waliyoishi wenyewe.

Wala si mambo ya kale tu. Mjini Harare, Zimbabwe, kuna jengo la maduka na ofisi liitwalo Eastgate, lililokamilika mwaka 1996. Msanifu wake, Mick Pearce, aliiga maarifa ya mchwa. Naam, hawa hawa mchwa tunaowafukuza kwa majivu! Katika Eastgate hewa baridi ya usiku huvutwa ndani kwa feni na kupitishwa chini ya sakafu, zege inapoa, na mchana ubaridi huo huwafikia watu huku hewa ya moto ikipanda na kutokea juu kwenye mabomba mfano wa dohani. Halihitaji viyoyozi kama majengo mengine ya kadiri yake. Na hapa petu Nairobi, Gigiri, Umoja wa Mataifa ulifungua mwaka 2011 ofisi za watu wapatao 1,200 zinazotegemea upepo wa kawaida na mwangaza unaoshuka toka paani. Ikiwa watu 1,200 wanaweza kukaa ofisini bila kiyoyozi, walimu 23 wanashindwaje? Kinachotakiwa ni akili kabla ya saruji.

Niwaambie habari ya shangazi yangu, maana ndiye aliyenifundisha kwamba ofisi inaweza kumwumiza mtu bila kumpiga. Yeye ni karani katika ofisi moja mjini, sitaitaja. Chumba chao hakina dirisha. Akifika nyumbani jioni huvua viatu mlangoni, hukaa kimya kidogo, kisha huniita nimkande shingo kwa kitambaa cha maji moto. Siku moja nilimwuliza kama kulinyesha kule mjini, kwa sababu kwetu mvua ilikuwa ya mafuriko. Akasema, "Mwanangu, sijui. Kule ndani hujui kumekucha wala kumekuchwa." Mtu mzima, kwa saa nane, hajui kama mvua inanyesha! Mimi neno hilo lilinichoma kuliko habari za shingo.

Baadaye nilisoma habari zilizonikumbusha maneno yake. Mwaka 1984 Mmarekani Roger Ulrich alichapisha uchunguzi wake katika jarida la Science. Alipitia kumbukumbu za wagonjwa 46 wa hospitali moja jimboni Pennsylvania waliopasuliwa kuondolewa mfuko wa nyongo kati ya miaka ya 1972 na 1981. Wagonjwa 23 walikuwa na dirisha lililoona miti, na 23 dirisha lao liliona ukuta wa matofali. Walioona miti waliruhusiwa kwenda nyumbani mapema, kwa wastani karibu siku 8, na wenzao karibu siku 9. Tena walihitaji dawa chache zaidi zile kali za maumivu. Dawa zilikuwa zile zile, hospitali ile ile, tofauti ni mti. Najua majilisi si wodi. Lakini ikiwa jicho la mgonjwa hufaidika kwa kuona mti, jicho la mwalimu aliyesahihisha insha 50 za "Siku Sitakayoisahau" halitafaidika? Nasi mijakaranda tunayo, haitaji kununuliwa. Ndiyo hiyo waliyopewa Bodi.

Habari za viti sitazirefusha. Kiti kizuri si lazima kiwe kile cha ngozi kinachozunguka. Miguu ikanyage sakafu, mgongo upate pa kuegemea, viwiko viwe sawa na meza, na kioo cha kompyuta kiwe mbele ya macho, si chini kama kisima. Kompyuta ikiwa chini, iwekee rimu mbili za karatasi. Na kila baada ya dakika ishirini hivi mtu atazame mbali kidogo kupumzisha macho, ambalo ni jambo gumu, nakubali, ikiwa mbele yako ni ukuta.

Sasa nije kwetu sisi wanafunzi, kwa maana kuna wanaofikiri nawatetea walimu ili nipewe alama za bure. Je, umewahi kuwa na shida usiyoweza kuisema mbele za watu? Tuseme nyumbani mambo yameharibika, au kuna mtu mzima anakusumbua njiani, au wewe msichana umeshikwa na hali ya kike ukiwa darasani. Unajipa moyo, unaenda majilisini kumwona mwalimu wa ushauri. Unabisha hodi. Vichwa vinainuka vyote kwa pamoja. "Unasemaje?" Utasemaje? Unasema umekuja kuchukua chaki! Nimewaona wengi waliorudi na chaki. Mwalimu wetu wa ushauri ni mtu mwema sana, wala si kosa lake kwamba hana mahali. Mara nyingine huzungumza na wanafunzi kwenye ngazi, mara nyingine katika stoo ya vifaa vya michezo, kati ya nyavu na mipira isiyo na upepo. Na wakati wowote mlango unaweza kufunguliwa na mtu atafutaye mpira.

Katika mchoro mpya nilitafuta chumba cha ushauri. Nikatafuta tena. Hakipo. Kuna stoo mbili, kuna kabati la vikombe vya michezo lenye kioo na taa yake maalumu, lakini chumba cha watu wawili kuketi na kusikilizana hakipo. Chumba hicho kingekuwa kidogo tu, mita tatu kwa tatu zatosha. Viti viwili vya sawa, kimoja kisiwe kirefu kuliko kingine. Mlango wake usifunguke majilisini wala kwenye ukumbi wa wageni, bali kwenye ujia, ili anayeingia asihesabiwe. Dirisha liwe juu kidogo, mwangaza uingie na macho yasiingie. Nadhani chumba hiki kitaokoa watu wengi kuliko vile vikombe.

Kuna pia walimu wenye watoto wachanga. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inawataka waajiri watenge chumba cha mama kunyonyeshea au kukamulia maziwa, chenye mahali pa kunawa mikono, jokofu, umeme, meza ndogo na viti vya kukalika, na tena inakataza chumba hicho kuwekwa chooni. Muhula wa kwanza nilimwona mwalimu mmoja akienda mbio kwa bodaboda kila saa saba mchana, akirudi saa nane akihema. Sikumwuliza, si adabu. Lakini macho yanaona.

Nayajua majibu. Nimeshayasikia barazani. La kwanza: "Sisi wenyewe maabara yetu haina gesi, wewe unalilia madirisha ya walimu?" Hoja hiyo ina uzito, nami sisemi vigae viongezwe. Nasema vipunguzwe. Baba alinieleza kwamba tundu la dirisha likiachwa wakati ukuta unapanda, ni kazi ya kawaida tu; mawe hata yanapungua. Ukuta ukishakauka ndipo ukumbuke dirisha, utalipa wa kubomoa, utalipa wa kujenga, na utakula vumbi. Jibu la pili ni kwamba wageni wakikuta mapokezi duni watatudharau. Wageni gani hao? Wengi ni wazazi wetu wanaokuja kulipa karo au kuitwa kwa ajili ya utundu wetu. Mama yangu hajawahi kurudi nyumbani akasifu vigae. Husifu mwalimu aliyemsikiliza bila kukunja uso. Na mwalimu mwenye kichwa kinachogonga tangu asubuhi kwa joto na makelele, atauficha wapi uso wake?

La tatu ndilo lililoniudhi. Eti walimu wenyewe wamezoea, hawajalalamika. Shangazi naye amezoea. Shingo yake ndiyo haijazoea.

Ombi langu kwa Bodi na kwa mwalimu mkuu, kwa heshima zote, ni hili. Chumba cha mikutano na majilisi vibadilishane mahali. Majilisi iende upande wa mijakaranda, ipate madirisha kwenye kuta mbili, na ukuta wake usogezwe uingie katika ule ukumbi mpana wa wageni mpaka mita za ujazo zitoshe watu 23, na wengine wawili watatu ambao Serikali inaweza kutuletea. Wanachama wa Bodi wavumilie jua la magharibi mara tatu kwa mwaka, tena mikutano yao huwa asubuhi. Karani na mhasibu wasogezwe kwenye ukuta wa nje, kila mmoja apate dirisha lake linalofunguka. Stoo moja igeuzwe chumba cha ushauri, ya pili iwe ya akina mama wenye watoto wachanga, na nyavu zihamie kwenye stoo ya zamani ambayo itabaki wazi.

Baba ameuchora mpango huu upya kwa penseli upande wa nyuma wa kalenda, bila malipo. Kuta ni zile zile nne za nje, na paa ni lile lile. Nimempa mlezi wa chama nakala pamoja na vipimo vyangu, naye ameahidi kuvifikisha ofisini kabla mchanga haujamwagwa.